Sabuni Namba Mbili na Magurudumu ya Daktari wa Meno

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza daftari. Jirani yangu niliyekuwa napiga naye soga amehama, na mume wangu ukimweleza jambo anaitikia mmh, mmh, mpaka analala. Maneno yananijaa tumboni kama gesi. Bora niyateme hapa.

Habari kubwa ya leo inatoka kwa wifi. Wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, ni fundi wa matairi. Karakana yake na chumba changu cha kupikia sabuni vimetenganishwa na ukuta wa bati. Bati lina tundu. Sikulitoboa mimi. Nililipanua tu.

Jamani, yule mwanamke! Analisikiliza tairi kwa sikio, bila maji, bila nini, anakuonyesha kwa kidole pale linapovuja. Analing'oa kwenye rimu kwa mitarimbo miwili huku anazungumza na mteja habari za mvua. Miaka kumi na moja yuko pale, na bado watu wanaingia, wanamwangalia juu mpaka chini, wanauliza fundi mwenyewe yuko wapi. Anawajibu ametoka, kaeni hapo. Anafanya kazi mpaka mwisho. Wakisimama kuondoka anawaambia haya, fundi amerudi, anawasalimu.

Leo kaja Daktari wa Meno. Siku za kazi anang'oa meno, Jumapili anaendesha gari kwenye kiwanja cha mbio, na ndiye mwenyekiti wa chama cha madereva wa pale. Mtu mpole, anaongea polepole kana kwamba wote tumefungua mdomo. Kasema Jumapili iliyopita gari lilitetemeka mpaka miwani ikamshuka puani. Wifi akachuchumaa, akaangalia magurudumu ya mbele, akasema tairi limezunguka kwenye rimu.

Nikacheka kupitia tundu. Tairi lizunguke lenyewe? Litakwenda wapi?

Wifi akaniita. Nilikuwa nimetoka kukoroga sabuni, mkono una povu mpaka kiwiko. Akaishika bangili yangu akaizungusha. Ikazunguka kama haina mwenyewe. Eti mkono ni rimu, bangili ni tairi. Dereva wa mashindano anakanyaga breki kwa nguvu zote, mkono unasimama ghafla, bangili bado ina safari yake. Tairi likishahama, vile vipande vya risasi vya kusawazisha gurudumu vinajikuta viko pasipo pake, na gari linaanza kutetemeka.

Kueleza gani huku! Mwalimu wangu wa darasa la tatu angekuwa na kichwa cha wifi, leo ningekuwa waziri.

Nimeelewa kila kitu. Sabuni yangu haina nguvu.

Maana sabuni ya wifi ya kuvalishia matairi naitengeneza mimi. Ndiyo anayoipaka kwenye mdomo wa tairi ili liingie kwenye rimu bila kugombana.

Na sasa sikia hili. Jumapili hii chama kinachagua fundi mmoja wa magari yote ya wanachama. Jina lake litaandikwa kwenye ubao mkubwa pale langoni. Daktari kasema kwa upole kabisa kwamba tairi likizunguka tena, ubao utaandikwa jina la Mng'aro. Huyo Mng'aro ni fundi wa ng'ambo ya barabara. Anapaka kila kitu rangi ya kung'aa. Nadhani hata soksi zake.

Wifi alichukua kitambaa. Alifuta mikono mara mbili, na mikono ilikuwa safi. Mimi namjua. Anautaka ubao ule. Mtu akiuliza fundi mwenyewe yuko wapi, aunyooshee kidole tu, basi.

Ataupata. Nimeshaanza kufikiri.


Jumanne, 5 Machi

Imezaliwa! Nimeiita Namba Mbili.

Nimechemsha kama kawaida, halafu badala ya kifuniko kimoja cha glisirini nimetia chupa nzima. Na mafuta kidogo. Na mengine tena kidogo. Imetoka laini! Nimeidondosha sakafuni nikaikanyaga, nikafika mlangoni bila kupiga hatua. Tairi likipakwa kitu hiki litaingia kwenye rimu lenyewe, likae raha mustarehe, na mtu aliyekaa raha hahami. Hiyo ni akili ya kawaida.

Wifi alipotoka kwenda kuchukua maji nikamwaga ya zamani kwenye ndoo yake, nikatia Namba Mbili. Sikumwambia. Msaada wa kweli hautangazwi.

Nikarudi kwenye tundu langu kumwangalia akivalisha matairi mapya ya Daktari. Ningekaa pale mpaka jioni. Kila tairi jipya lina nukta ndogo ya njano ubavuni. Wifi anaizungusha nukta mpaka inatazamana na valvu, kile kidude cha kujazia upepo. Hapo tu, si pembeni. Anajaza upepo, tairi linapiga paa! paa! linakaa. Mimi naruka kila mara. Yeye hapepesi jicho. Akimaliza anachora mstari wa chaki, mmoja ulionyooka, unaanzia kwenye rimu unapanda mpaka kwenye tairi. Kama mimi ninavyochora mstari kwenye chupa ya mafuta ya kupikia nijue nani kaigusa. Tairi likihama, mstari unakatika vipande viwili. Hakuna ubishi.

Kitu kimoja. Alisugua vidole, akanusa, akaniuliza kupitia tundu kama nimebadilisha sabuni. Nikasema hapana wifi, ni hali ya hewa. Akasema matairi haya angependa yakae siku nzima yakauke kabla ya kukimbizwa, ila Daktari anataka kuyajaribu kesho. Na hii sabuni yako, akasema, mbona haionyeshi dalili ya kukauka?

Haikauki! Ameiona mwenyewe. Sabuni ya dukani ingekuwa imeshakauka zamani.


Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda kiwanjani! Wifi alihitaji mtu wa kubeba jeki na pampu. Nilivaa viatu vya arusi.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Daktari wa Meno yule yule anayesema tafadhali sukutua, kavaa kofia ngumu, kaingia garini, na lile gari likatoka kama limetukanwa. Kwenye kona ya mbali anakuja, anakuja, unasema huyu hasimami leo, mara anakanyaga breki na gari lote linainamisha pua. Nilipiga kelele. Mshika bendera akaniomba nisimame mbali zaidi. Wifi alikuwa ametulia, mikono mfukoni, anasikiliza. Kelele zote zile, na yeye anasikiliza matairi tu.

Mng'aro naye alikuwepo na gari lake la bluu, linang'aa unajiona meno. Akamvuta wifi pembeni kumtania, eti fundi, leo umekuja na mpishi?

Daktari akarudi, akashuka, akaenda kunywa maji. Nikawa wa kwanza kufika kwenye magurudumu ya mbele.

Mama yangu!

Mstari umekatika. Kipande cha kwenye rimu kiko hapa, cha kwenye tairi kiko kule, kati yake unapita mkono wangu na vidole vyote. La pili vilevile.

Nilimwangalia wifi. Alikuwa anabishana na Mng'aro huku kidevu kiko juu. Nikafikiria ule ubao. Nikafikiria wale watu, fundi mwenyewe yuko wapi. Roho ikaniuma. Chaki iko kwenye kisanduku cha vifaa, kitambaa ninacho kwapani. Nikafuta, nikachora upya. Safi, wima, kutoka rimu mpaka tairi. Mistari miwili iliyonyooka kuliko ya kwake.

Wifi akaja, akachuchumaa, akaangalia. Akamwambia Daktari mistari haijahama. Uso wake ukachanua! Mng'aro akanywea. Nikajisikia kama nimejifungua.

Ila Daktari akasema gari limetetemeka vibaya kuliko mara ya kwanza. Kajino ka mbele kamelegea, ka kwake mwenyewe.

Wifi akaacha kutabasamu. Akasema basi kama si matairi, kuna kitu kingine kimelegea mle ndani, na hawezi kumwachia mtu aendeshe gari ambalo halielewi. Acha gari kwangu, akasema. Nitalifungua lote.

Hilo sikulipigia hesabu.


Alhamisi, 7 Machi

Wifi yuko chini ya gari tangu asubuhi. Naona miguu tu.

Kafungua vyuma vya usukani, kavipima, kavirudisha. Kafungua breki. Kafungua vitu nisivyovijua majina, kavipanga chini kwa mpangilio, kimoja baada ya kingine, kila kimoja na skrubu zake pembeni, kama mtu anayetandika meza ya wageni. Kila kimoja kizima. Nilimpelekea chai nikakuta ameshika chuma fulani anakigeuza kwenye mwanga, anajisemea mwenyewe, hata wewe mzima. Fundi wa kawaida angeshasema ni barabara mbovu. Yeye hapana. Hawezi kudanganya hata chuma.

Nilitaka kumwambia. Kweli nilitaka. Nilifungua mdomo, ukatoka wimbo wa sifa za ile chai.

Mng'aro kavuka barabara kuja kuchungulia. Kasema fundi, ukimaliza humo litabaki usukani na honi. Akasema yeye angeshamaliza zamani. Anatoboa rimu, anapiga skrubu, zinaliuma tairi, linahamia wapi? Au anatia gundi. Wifi akajibu kutoka chini ya gari kwamba rimu ikitobolewa vibaya upepo unatoka na ufa unaingia, na gundi, siku ya kulivua utalivua tairi pamoja na ngozi ya rimu. Akasema na wewe Mng'aro sogea, unaniwekea giza.

Sogea! Ningekuwa na maua ningemrushia.

Lakini neno gundi limenikaa. Mng'aro mjinga, ila hapo kagusa kitu. Kinachotakiwa ni sabuni inayoteleza wakati wa kuvaa na kunata baadaye. Na kitu gani kinateleza kikiwa maji na kinanata kikikauka?

Sukari!

Nimemwaga kopo zima kwenye ndoo ya wifi alipokwenda kuosha uso. Nimekoroga. Namba Mbili na Nusu.

Leo nitalala vizuri.


Ijumaa, 8 Machi

Siku mbaya. Naandika kwa kifupi. Hapana, siwezi, nitaeleza yote.

Asubuhi wifi aliamua kuyaosha magurudumu, maana gari lote ni zima na yeye ameishiwa mawazo. Akamwaga maji. Vumbi likatoka. Na pale, chini ya vumbi, ile nukta ya njano. Haitazamani na valvu! Iko mbali, upana wa kiganja kizima. Mstari wa chaki umenyooka kama rula, lakini nukta imehama.

Nukta! Jumanne nimeiandika mimi mwenyewe kwenye daftari hili. Jumatano ilikuwa wapi kichwani mwangu?

Wifi akainuka. Akaisogelea ndoo ya sabuni. Ikawa inatembea. Sisimizi! Wamejaa mpaka kwenye mpini. Wametoka kwa mstari mmoja mrefu, wanashuka ndoo, wanapita sakafuni, wanapanda bati. Wifi akawafuata polepole, ameinama, kama mtu anasoma gazeti. Sisimizi wakaingia kwenye tundu. Wifi akaweka jicho kwenye tundu.

Mimi jicho langu lilikuwa tayari upande wa pili.

Tukatazamana hivyo kitambo.

Nikasema yote. Namba Mbili, chaki, sukari. Nilitegemea atapiga kelele. Laiti angepiga! Alikaa juu ya tairi akaniambia kwa sauti ya chini, wifi, nimelala chini ya gari la mtu siku nzima kwa sababu niliamini mstari. Mimi huamini mstari. Mtu akikanyaga breki kule kwenye kona anauamini na yeye. Akasema siku niliyoolewa kwao alifurahi kwa kuwa nyumba ilikuwa kimya sana. Akasema sasa anaukumbuka ule ukimya.

Nililia. Akanipa kitambaa. Kilikuwa na grisi. Sasa nina masharubu.

Halafu, sikia mambo ya wifi. Akaenda kwa Daktari wa Meno, kwa miguu, kwenye chumba chake cha kazi, nikiwa nyuma yake. Akamwambia matairi yalizunguka, mistari haikuwa ya kweli, kosa limetoka karakanani kwake. Hakunitaja. Nimesimama pale na masharubu yangu, hakunitaja! Akasema kila kinachoingia kwenye ndoo yangu ni changu. Daktari akamwangalia, akaniangalia mimi, akaniangalia kwa muda zaidi. Akasema Jumapili ndiyo mara ya mwisho.

Tuliporudi akavua matairi yote. Ningempiga picha kila hatua. Akayaosha midomo kwa maji matupu mara tatu mpaka Namba Mbili yote ikatoka. Rimu akazifuta kwa petroli. Kisha akapitisha kidole pale tairi linapokalia, akaniita nipitishe na mimi. Kioo kitupu! Kumbe miezi miwili iliyopita Daktari alizipeleka kwa Mng'aro zikapakwa rangi ya kung'aa, akapaka mpaka ndani. Wifi alizijua zimepakwa, hakujua mpaka huko. Akajilaumu, eti Jumatatu alipaswa kupitisha kidole. Tairi lingeshika nini pale? Akachukua msasa akaparuza taratibu, pande zote, rangi ikatoka, chuma kikapata ukali kidogo kama ulimi wa paka.

Halafu akavalisha matairi kwa maji tu. Kidogo, kwa brashi, kama anapaka mtoto dawa ya jicho. Yaligoma. Akayabembeleza kwa mitarimbo, jasho linatiririka, yakaingia. Upepo. Paa! Nukta kwenye valvu. Mstari, na safari hii kwa rangi nyeupe ya mafuta, si chaki.

Akasema sasa yakae yakauke mpaka Jumapili. Hakuna kuyagusa. Akasema hakuna huku ananitazama mimi.

Kaniagiza nimwage Namba Mbili yote. Ya kwenye ndoo nimemwaga. Ile ya kwenye pipa chumbani kwangu sikuweza. Ni kama mtoto.


Jumamosi, 9 Machi

Sijafanya kitu. Naandika tena. Sijafanya kitu!

Magurudumu manne yamepangwa ukutani. Mume wangu kawekwa kuyalinda, kakaa kwenye kiti katikati yake na redio. Nikapita mara ya kwanza nikaona la pili lina tone la maji. Nikasema nilifute tu. Akasema mmh-mmh. Nikapita tena nikasema la nne limeinama kidogo. Akazima redio. Huyu mtu! Miaka ishirini na mbili sijamwona akizima redio. Akasema mke wangu, leo kazi yako ni kukaa. Akanisogezea ndoo tupu nikakaa.

Kukaa kunachosha kuliko kukoroga.

Wifi alipita akatukuta tumekaa hivyo, mimi na kaka yake, kimya, kama tuko kituo cha afya. Akacheka. Mara ya kwanza tangu Jumatano. Nikapumua.

Alasiri kaja Mng'aro kule nyuma, kwenye chumba changu. Anapeleleza. Kauliza fundi wenu safari hii kapaka kitu gani, mbona mmeyalinda kama maiti ya chifu. Nikabana midomo. Nilibana kweli. Lakini akasema pengine hana chochote, pengine kaishiwa. Kaishiwa! Wifi yangu!

Nikamwambia humu kuna kitu kinaitwa Namba Mbili na mikono kama yake haistahili hata kukinusa. Nikasema ni marufuku. Nikasimama mbele ya pipa nisimwonyeshe. Halafu mteja akaniita nje.

Niliporudi Mng'aro hayupo na pipa limepungua kidumu kizima.

Sasa hapo kosa langu ni lipi?


Jumapili, 10 Machi

Nimechoka, sauti imekauka, lakini lazima niandike habari ingali ya moto.

Tulifika mapema. Wifi akafunga magurudumu, akapima upepo mara mbili. Akamwambia Daktari mizunguko miwili ya mwanzo aende taratibu matairi yapate joto, breki asizivamie. Daktari akaitikia kama mgonjwa. Kwa kweli wifi akiongea kazi yake, kila mtu anakuwa mgonjwa.

Wakatoka. Daktari, Mng'aro na wengine. Mizunguko miwili, Daktari polepole, Mng'aro kwa sifa anampita huku anapunga mkono. Wa tatu Daktari akaachia. Lo! Ile kona ya mbali, pua chini, gari kimya halitetemeki, linakata kona kama mkasi kwenye kitambaa. Nikamshika wifi mkono. Ulikuwa wa baridi. Fundi mzima, na mkono wa baridi!

Halafu likaja gari la bluu. Likipita mbele yetu nililiona kabla sijaambiwa. Linatetemeka. Usukani unamtikisa Mng'aro kichwa, ndiyo, hapana, ndiyo, hapana.

Sasa mtu kama mimi angeshangilia. Nilishaanza. Lakini wifi alikuwa ameshakimbia! Kakimbia kwa mshika bendera, kamwambia msimamishe yule, magurudumu yake yamehama, kwenye kona ataumia. Mshika bendera akasita, akauliza fundi wa magari yuko wapi aulizwe. Wifi akasema fundi ni mimi. Kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Bendera ikapanda.

Mng'aro akashuka kashikilia mlango. Wifi akachuchumaa kwenye gurudumu lake, akamwonyesha nukta yake ya njano. Robo nzima ya duara! Hakumcheka. Akampa maji. Akamwambia zile rangi usipake pale tairi linapokalia, na hii sabuni uliyotumia haikauki, umeitoa wapi?

Wifi akanusa vidole vyake. Akageuka polepole kunitafuta.

Mimi nilikuwa naangalia mawingu. Yalikuwa mengi na mazuri.

Daktari akarudi. Wote tukazunguka gari lake. Akapiga magoti na ovaroli yake nyeupe, akatoa mfukoni kile kioo kidogo chenye mpini cha kuangalizia meno! Akakipitisha kwenye kila gurudumu, mbele, nyuma, ndani. Mistari minne. Hakuna hata unywele umehama. Akasimama, akampa wifi mkono, akasema fundi, sijawahi kuona ufizi mzuri namna hii.

Ubao umeandikwa papo hapo kwa rangi ya mafuta iliyobaki. Fundi wa Chama, na jina lake. Mng'aro mwenyewe ndiye aliyeushikilia usiyumbe. Wifi akausoma, akausogelea, akaufuta vumbi kwa mkono wa gauni. Halafu akaniita nisimame naye picha. Mimi! Nililia tena. Kitambaa kilikuwa safi.

Ila kuna sharti. Kalisema mbele ya mume wangu na Daktari. Kuanzia leo sabuni yangu isivuke bati. Ndoo, kijiko, tone, hapana. Nimeapa. Mume wangu akasema mmh ya kukubali.

Nimejifunza mengi wiki hii. Nitayakumbuka maisha yangu yote.


Jumatatu, 11 Machi

Wifi ameziba tundu. Kapigilia kipande cha bati kipya, misumari sita. Kazi nzuri, huwezi kuingiza hata wembe. Yule mwanamke hana kazi ndogo.

Nimetoboa lingine, chini kidogo. Ni la kuingiza hewa.

Leo magari saba yamepanga foleni nje, yote ya chama. Kaingia mtu mmoja mgeni akauliza fundi mwenyewe yuko wapi, na wale saba wakamgeukia kwa pamoja wakamnyooshea wifi kidole. Nilipiga makofi huku ndani mpaka nikamwaga povu.

Daktari naye kapitia. Anasema gari liko vizuri ajabu, halitetemeki kabisa. Kitu kimoja tu kinamkera. Akikanyaga breki zinalia, zinapiga mluzi, mpaka wagonjwa wake wanamsikia anafika. Wifi akasema zimeota kutu kidogo, ni kawaida, aziache.

Aziache? Mwenyekiti wa chama, gari linapiga mluzi?

Sabuni sitagusa, nimeapa, na mimi ni mtu wa neno langu. Lakini hapa kabatini nina chupa ya mafuta ya nywele, imefika nusu. Kuhusu mafuta hakuna aliyesema kitu. Gari liko pale nje, wifi amekwenda kuchota maji. Tone moja kwa kila breki, zikae kimya.

Atashangaa sana!